Hotuba ya Kuzindua Gari la Familia, Iliyotolewa Juu ya Meza ya Majani

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hakufika na kwa hiyo nimekubali mimi mwenyewe kukaimu nafasi yake. Bwana Chifu pamoja na manaibu wako wawili, yule aliyelala na yule anayemwamsha. Bwana Oketch, karani wa majani ya chai kutoka kiwandani, na mzani wako. Wachungaji wa makanisa yote, yale yenye mabati na yale yanayoyaombea. Akina mama wa kikundi cha maziwa. Walimu, hasa wale walionifundisha mpaka darasa la saba wakaishiwa na la kunifundisha. Wananchi watukufu wa Wadi ya Kaplelmet. Mabibi na mabwana: chamgei! (Watu wachache: "Chamgei mising.") Nimesema chamgei! (Wale wale wachache.) Asanteni. Mlioketi ketini zaidi, na nyinyi mlioegemea magunia ya majani endeleeni kuegemea, yapate joto la mkutano.

(Janeffer, mkulima, kutoka mstari wa mbele: "Usiseme joto, Mheshimiwa! Majani yakipata joto yanakuwa mekundu, na mekundu kiwanda hakichukui!")

Asante, Mama Janeffer, kwa mchango huo wa kitaalamu. Mimi ndiye Diwani Kipkosgei, Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Kuchagua Gari la Familia la Matumizi ya Kila Siku, na kama yuko mtu hapa asiyenijua, basi huyo alizaliwa jana na aende anyonye. (Kicheko kimoja. Ni cha Diwani.) Nimeombwa niseme kwa ufupi. Ombi hilo nimelipokea, nimelijadili na nimelikataa, kwa maana maendeleo si kikohozi, useme yatoke mara moja. Nimesimama juu ya meza hii ya kuchambulia majani kwa sababu kiongozi ni lazima aonekane, na pia kwa sababu jukwaa lenyewe liko kwenye awamu ya pili.

(Karani Oketch: "Omera, Mheshimiwa, hiyo meza ndiyo kazi. Bila meza sichambui, bila kuchambua sipimi, na lile lori pale dereva amesema saa kumi anaondoka, lijae lisijae.")

Bwana Oketch, wewe ni mtu wa ziwa na tunakupenda, lakini elewa kwamba mradi wa usafiri hauwezi kuharakishwa na usafiri. (Lori linapiga honi.) Mnasikia? Hata lenyewe linaniunga mkono.

Sasa ndugu zangu, mwaka huu wa tisini na nane, baada ya ile mvua iliyobeba daraja letu ikalipeleka kwa watu wengine bila hata kuaga, nilikaa chini nikafikiri, jambo ambalo wengi wenu mmeniachia nifanye peke yangu, nikaona kwamba wadi hii inahitaji gari moja la familia zote. Si lori, si pikapu, si trekta la mtu, bali gari refu kwenda juu, lenye viti vya mbele, vya katikati na vya wakwe, linaloweza asubuhi kupeleka watoto shule, saa nne kupeleka maziwa, mchana kubeba majani mpaka kiwandani yakiwa bado yanapumua, jioni kupeleka mgonjwa hospitali ya Litein, na Jumapili kuniacha mimi kanisani na kunirudia. Na kwa sababu petroli ina tabia mbaya, Kamati iliamua kwamba gari hilo litumie petroli na umeme kwa pamoja: likipanda linakula petroli, likiteremka mlima wa Kapkatet linajitengenezea umeme lenyewe, kama vile ng'ombe anavyocheua. (Mnong'ono. Mzee mmoja anauliza kama litahitaji chumvi.)

Fizibiliti, yaani utafiti, ilifanyika. Asilimia tisini na tisa ya wananchi waliunga mkono, na ile moja iliyobaki ni Janeffer.

(Janeffer: "Mimi sina shida na gari, Mheshimiwa, nina shida na viatu vyako! Wiki jana lori lilikwama njiani huko Mulot na majani yangu nikamwaga. Leo lori limefika na meza umeikalia! Nimwage tena?")

Sijaikalia, nimesimama. Tuheshimu taarifa.

Kamati ilisafiri mpaka Nairobi, tukibeba vibuyu vya mursik mliyotupa, maziwa yaliyoganda vizuri, ahsanteni, na tukaingia katika uwanja wa kuuza magari tukiwa na mbinu za kisasa kabisa. Kwa sababu mimi nilijua kwamba wale wauzaji ni wajanja, nilimchukua Mzee Kiptanui, ambaye hajawahi kununua ng'ombe akadanganywa, tukakagua kila gari kwa utaratibu wetu. Kwanza hatukulisogelea kutoka mbele, lisituzoee. Tulilizunguka. Mzee akalipapasa mgongo, akainama akaangalia chini kama linavuja, akalipiga ubavuni akasikiliza. Akamwuliza muuzaji, "Mama yake alikuwa wa aina gani?" Muuzaji akasema hajui. Tukawa tumeshajua: mtu asiyejua mama, anauza kitu cha wizi! (Wazee wanatikisa kichwa kukubali.) Akauliza tena, "Likiachwa peke yake usiku linalia?" Muuzaji akasema linalia likiguswa. Tukaandika kwamba ni kali, halifai mahali penye watoto. Jingine lilikuwa jeupe mno, lingeonekana na mwewe. Jingine lilikataa kuwaka mpaka lisukumwe, Mzee akasema ndama wa hivyo hata ukimsaidia kusimama leo, kesho utamsaidia tena. Kwa hiyo tuliyakataa yote moja moja, bila upendeleo, na muuzaji akakubali kwamba hajawahi kuona wateja kama sisi. Alisema hivyo mara nyingi.

(Lori linapiga honi tena, refu. Oketch anaangalia saa. Anafungua gunia moja, anatia mkono mpaka kiwiko, anautoa: "Yameanza kupata moto huku ndani, jameni.")

Namalizia, namalizia, nimebakisha sehemu ya kwanza. Baada ya hapo Kamati ilikaa kikao chini ya mwavuli wa mtu, na kwa kauli moja tukachagua gari letu: refu, la petroli na umeme, rangi ya majani ya chai machanga ili lisiogope shamba, lenye kupanda matope bila kulalamika. Implementesheni ndiyo hii mnayoiona, yaani mimi. Nawaahidi kwamba kabla ya mavuno yajayo, au yale yatakayofuata yale, kila nyumba itakuwa na zamu yake, na atakayelala kwenye zamu...

(Kelele. Vijana wanne wamesogea, wakiongozwa na Kipyegon, mtoto wa kwanza wa Janeffer. Wanamshika Diwani miguu, wanamwinua, wanamweka mabegani. Mama mmoja anaanzisha wimbo.)

Aa! Mnaona, wananchi? Hii ndiyo heshima! Polepole, Kipyegon, koti. Sikutarajia, lakini nilistahili. Mnanipeleka wapi? Si huko, huko ni matope. Haya, hapa kwenye kibaraza cha mitungi ya maziwa, ng'ambo ya barabara, hapa pia naonekana. (Wanamweka. Wanarudi mbio. Janeffer ameshafuta meza na leso yake na anamwaga gunia la kwanza.) Naendelea. Mnanisikia huko? Nitapaza.

Gari la familia! (Ng'ombe mmoja anageuka.) Gari la familia! Kaplelmet mbele! Petroli mkono wa kulia, umeme mkono wa kushoto! Kazi na safari!

Nisisahau shukrani. Namshukuru Mzee Kiptanui kwa macho yake. Nawashukuru akina mama kwa mursik, ambayo ndiyo sehemu ya mradi iliyokamilika. Na shukrani za pekee zaidi ziende kwa wale watengenezaji wa ng'ambo, ambao muuzaji wa Nairobi aliwapigia simu mbele yetu ili tu tumwachie uwanja wake, nao wakatujibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba gari kubwa la familia la namna hiyo, la petroli na umeme, hawajawahi kulitengeneza, hawajalichora, wala hawajui mtu yeyote duniani aliye nalo, ila wamefurahi kusikia kwamba sisi tumeshalichagua. Kwa hiyo, ndugu zangu, katika upande wa kuchagua, gari tunalo kabisa. Imebaki upande wa kuwepo tu.

Kongoi mising! Asanteni sana!

(Makofi makubwa kutoka ng'ambo ya barabara, vigelegele, mtu anarusha kofia juu.)

Asanteni! Ketini, ketini, hii ni kazi yangu tu!

(Makofi anapigiwa Oketch. Ametangaza kwamba majani ya Janeffer bado ni kijani, na yamekubaliwa yote.)