Besi wa Kuazima na Mlinzi wa Wazee

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wazee wa watu, tena kwa spika.

Hapa Guangzhou kuna kwaya ya Wazungu kutoka Wales, wengi wao walimu. Walipungukiwa mwimbaji wa besi, ile sauti nzito ya chini, wakaniazima kanisani kwetu. Leo tulikwenda kuwaimbia wazee kwenye kijiji chao cha wastaafu. Nikavishwa koti jekundu la kwaya (nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema, mimi sikusikia).

Tatizo, pasipoti yangu iko kwa wakala wa viza. Na msako wa siku hizi mnaujua! Asubuhi tu, pale barabara ya Huanshi Zhonglu, polisi walikuwa wanasimamisha kila mweusi. Ukikutwa huna pasipoti unalala ndani, kisha unarudishwa Bongo, na jinzi mlizoniagiza zinabaki stoo. Nilifika kwa wazee roho mkononi.

Kiongozi wa kwaya, Mzee Gareth, akaniambia, "Ubeti wa mwisho imba Kiswahili. Tukuitikie vipi?"

"Kama kwetu kanisani. Nikisema neno, lirudieni hivyo hivyo, sauti zote."

Wakaelewa. (Wakaelewa kupita kiasi.)

Tukaimba Kiwelisi. Mabibi wamefumba macho, vikombe vya chai mapajani. Mmoja wa mstari wa mbele alinitabasamia tangu mwanzo, nikampenda kama bibi yangu wa Moshi. Ubeti wangu ukafika, nikashika maiki. Mstari wa kwanza wakauitikia vizuri.

Mara mlangoni nikaona kofia. Shati la bluu. Beji. Mtu anakuja moja kwa moja kwangu, mkono mfukoni!

Sasa, sisi wa huku tuna utaratibu wetu. Ukiona polisi hukimbii kimya kimya, huo ni uchoyo. Unawashtua wenzako kwanza. Nikawashtua, maiki ikiwa mdomoni.

"Polisiii! Kimbieni!"

Wanaume wazima wa Wales wakavuta pumzi, wakaitikia kwa sauti nne:

"Polisiii! Kimbieniii!"

Tena wale wa sauti ya teno walipanda juu huko, tamu kweli! Ukumbi ukalipuka makofi. Mimi wakati huo niko chini ya meza ya matunda, nimejikunyata.

Kitambaa cha meza kikafunuliwa. Yule bibi. Akanipa chenza lililomenywa, akakishusha kitambaa taratibu. Nusura nilie.

Kikafunuliwa tena. Kofia!

"Pengyou! Pengyou!" Rafiki, rafiki. Ananionyesha simu. Kumbe ni mlinzi wa geti, anataka picha na mimi. Picha ipo. Chenza lipo mdomoni.

Mzee Gareth akaja machozi yakimlenga. "Maneno gani yale mazuri ya mwisho?"

"Ni... wito wa kuokoka," nikasema. (Nimedanganya wapi?)

Wazee wakaomba turudie. Tukarudia, mlinzi naye ndani, kaushika wimbo wote. Nimewapenda watu wale, siwafichi.

Wakati wa kuondoka, mlinzi kwa mapenzi yake akanisindikiza hadi kituo cha basi. Njia inapita mbele ya polisi wa kweli, wamesimama na mbwa. Mwenzangu kanishika mkono, anaimba kwa sauti yake yote: "Polisiii! Kimbieni!"

Nikaitikia. Ningefanyaje?

Atakayecheka, mzigo wake wa jinzi hatauona.