Gemu Ova Ndani ya Kreta

Jamani, mwenzenu leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Karibu kihalisi. Vumilieni.)

Wanaonijua hapa Karatu wanaujua ugonjwa wangu. Kile kibanda cha gemu jirani na stendi kimeniharibu. Ile sauti nzito inayotangaza ngumi kwenye televisheni imenihamia kooni. Nikikaa mezani, "Raundi wani!" Nikimaliza ugali, "Yu win!" Mama yangu kanionya mpaka kachoka: "Elisante, hapa tunaanza kwa sala, hatuanzi kwa ngumi." Sisikii. Na mimi ni mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa leo ilikuwa siku yangu ya majaribio. Nimeosha magari ya utalii ya Mama Anna mwaka mzima nikisubiri usukani. Jana huyo Mama Anna, bosi mwenyewe, Mchaga asiye na utani, akaniambia: "Kesho peleka wageni wawili kreta wakaone wanyama. Wakirudi na furaha, umekuwa dereva. Wakirudi wamenuna, sikujui." Yeye angeshuka na gari lingine, kawabeba mawakala wake wa utalii wa Arusha. Hakuna pa kujificha.

Asubuhi kwenye geti la hifadhi nikakutana na rafiki yangu Lemayan, anatoka kwao Endulen na kibuyu cha maziwa mgando. Akanimiminia. Nikashusha kikombe. Nikaomba cha pili. Nikajifuta mdomo, nikatangaza, "Pawa apu!"

Lemayan akaniangalia. "Aisee, taratibu. Hayo yanataka tumbo lililozoea."

Nani amsikilize?

Wageni wangu babu na bibi wa Kijerumani, wapole kweli, wanataka kitu kimoja tu: faru. Tukazunguka. Simba wapo. Tembo yupo. Faru, hola! Tulipofika karibu na msitu wa Lerai tumbo likaniita. Nikajifanya sijasikia. Likaita tena, safari hii kwa jina. Choo kiko mbele kidogo, na kushuka garini kabla ya hapo ni marufuku. Lakini wenzangu, kuna hali ambayo "mbele kidogo" ni mbali mno.

Hapo hapo redio ya upepo ya gari ikaita. Ni Mzee Tluway, dereva mkongwe aliyenifundisha kazi: "Elisante, mambo yanaendaje huko, ova?"

Jasho linanitiririka. Nikashika maiki, nikanong'ona: "Mzee... niko Lerai... gemu ova!"

Nikaibwaga maiki, nikawaambia wageni nakagua tairi, nikaruka nje. Nikachuchumaa nyuma ya gari, nikamshukuru Mungu.

(Mapema mno.)

Maana sikilizeni kosa langu. Pale kibandani "gemu ova" ni kwamba umekwisha, umekufa, toka kwenye kiti. Kwa madereva wa kreta, gemu ni wanyama, na ova ni nimemaliza kusema, zamu yako. Kwa hiyo walichosikia wao ni kwamba niko Lerai na kuna mnyama. Tena nimesema kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka kumshtua mnyama!

Nikiwa pale chini nasikia redio kupitia dirishani. "Gemu gani, ova?" Nitajibu vipi? "Elisante! Gemu gani, ova?" Kisha sauti ya dereva mwingine: "Huyo kapata faru, anatuficha! Twendeni Lerai!"

Nikaona vumbi. Halafu nikaona vumbi upande wa pili. Mama yangu! Magari yanakuja kama yanafukuzwa, mapaa yameinuliwa, Wazungu wamesimama na darubini na kamera ndefu. "Raino? Raino?" Na mimi siwezi kusimama, siwezi kukaa, siwezi hata kuomba radhi.

Mzee Tluway akafika wa kwanza. Akanitazama. Akazima injini. (Kwa nini uzime injini, Mzee?) Akachukua maiki, na sauti yake nikaisikia mara mbili, mdomoni mwake na kwenye redio yangu:

"Nimemwona. Ni dume. Msimsogelee, ova."

Kamera zikaanza. Bibi mmoja akanipungia mkono! Na gari la mwisho kufika lilikuwa la Mama Anna na mawakala wake. Alipandisha kioo taratibu, macho mbele.

Jioni akaniita uani mwa ofisi.

"Elisante, wale Wajerumani wako wanasema hawajacheka hivi tangu waoane."

Moyo ukarudi mahali pake. Furaha si ndiyo hiyo? Nikatabasamu.

"Na hiyo gemu ova yako, maana yake nini hasa?"

"Mchezo umekwisha, mama."

"Ukishakwisha, huko kibandani mnafanyaje?"

(Nikajua nimesamehewa. Nikajibu kwa raha zote.) "Unaanza upya, mama! Mwanzo kabisa!"

"Vizuri," akasema. "Ndoo ile pale."

Nimeosha magari mpaka vidole vimekunjamana. Nimerudi nyumbani, nimekaa mezani bila kutangaza raundi yoyote. Mama yangu keshapata habari zote, Karatu yenyewe ndogo hii. Kaweka ugali, kafumba macho tusali, halafu kafumbua jicho moja:

"Raundi tuu?"

Nimeuacha ugali, nimetoka mbio; ndiyo maana mnaniona hapa intaneti na njaa yangu. Msicheke, ova.