Vinyama Vyangu, Kofia ya Kidevu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Vinyama vimeongezeka. Jana vitatu. Leo nimehesabu kwa kidole nikapata vitano, au kimoja nimekihesabu mara mbili. Vimeota kwenye tundu la haja kubwa, mahali ambapo mtu hawezi kujitazama bila kuvunja shingo. Nilichuchumaa bafuni juu ya kioo cha kunyolea. Mwenzangu wa chumba akagonga, nikashtuka, nikakikalia kioo. Kimepasuka. Akauliza nafanya nini humo. Nikasema nanyoa ndevu. Nilipotoka akanitazama, ndevu zote zipo.

Habari kubwa: dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mifuko ghalani, ameacha kazi. Msimamizi atachagua mwingine wiki hii. Miaka tisa nabeba saruji, mgongo umeshaniomba talaka, na kila siku kile kiti cheusi kinapita mbele yangu kama bwana harusi. Tuliojifunza kuiendesha ni wawili tu: mimi na Kidevu. Kidevu ana kidevu na mdomo, basi. Ila yeye anaweza kukaa. Mimi tangu Alhamisi nakula nimesimama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepaka dawa ya meno. Sitaandika zaidi.

Kuna zahanati getini, tunatibiwa bure. Lakini muuguzi na msimamizi hunywa chai pamoja, na chai hutoa maneno. Msimamizi akijua, kiti sikipati. Halafu nikakumbuka: pale hawaulizi jina. Wanaandika namba iliyo kwenye kofia ya kazi. Yangu arobaini. Ya Kidevu arobaini na moja. Na Kidevu kila mchana huivua, hulala juu ya mifuko mdomo wazi.

Wakati mwingine najiogopa kwa akili niliyonayo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeazima kofia. Daktari ni mama mtu mzima, makamo ya shangazi yangu. Nilitaka kukimbia. Akasema nipande kitandani, nigeukie ukutani, nikunje magoti. Nikamwambia linaloniuma ni goti. Akasema mficha uchi hazai. Nikasema ninao wanne. Akasema basi hukuja hapa kuficha, baba, shusha suruali.

Akatazama kama fundi anayetazama chini ya gari, uso hakuujali. Akasema vinaletwa na virusi, ameona vingi, vinatibika, ila nirudi kila wiki mpaka viishe. Mke wangu naye akapimwe. Na nisipake vitu vya kuambiwa na watu. Nikauliza, hata dawa ya meno? Akaweka kalamu chini. Nikasema ni swali tu.

Kisha akapaka dawa yake. Niliona nyota mchana, na mwezi wake. Akasema siri hapa ni siri, ataandika barua kazini bila kutaja ugonjwa. Akaniaga, pole, arobaini na moja. Nikarudisha kofia. Kidevu bado anakoroma. Nimecheka njia nzima hadi kwenye mifuko.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Barua imefika. Inasema mfanyakazi namba arobaini na moja asibebe mizigo mwezi mzima, apewe kazi nyepesi.

Msimamizi akaangaza macho ghalani kutafuta kazi nyepesi. Akaiona foklifti.

Kidevu hakuuliza anaumwa nini. Mtu akipewa asali hawaulizi nyuki. Alisema tu kwamba amekuwa akivumilia. Kufika saa nne alikuwa anachechemea. Ameamua mwenyewe kuwa ni mguu. Msimamizi akamwonea huruma, akamletea mto wa kukalia kutoka ofisini kwake.

Mto!

Amenipita mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, kaza mwendo, kaka, saruji haina miguu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya kurudi zahanati. Kofia sikuipata, maana Kidevu halali tena mchana, anaogopa kuachia usukani. Saa tano muuguzi akaja mwenyewe ghalani kumwita arobaini na moja. Kidevu akaenda akichechemea kwa madaha.

Mwenzangu wa chumba alikuwa na zamu ya kufagia baraza ya zahanati. Anasema Kidevu alikunja suruali akaonyesha goti. Daktari akamwambia si hapo, baba. Palikuwa na ubishi. Kidevu alirudi anatembea wima, mbio, akifunga mkanda njiani.

Nyuma yake barua ya pili: namba arobaini na moja amepona kabisa, hakuna hata kovu, daktari mwenyewe anashangaa. Arudi kwenye mizigo.

Msimamizi akaniita. Kiti ni changu. Nilipanda kama mfalme. Nikakaa. Nikasimama. Mto msimamizi kesha urudisha ofisini kwake.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimeendesha siku nzima nikiwa nimeinuka nusu, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Msimamizi ameuliza mbona sikai. Nimesema ni heshima ya kazi. Akasema kesho anataka kuniona nimekaa, la sivyo atatafuta mwenye matako.

Nimempigia mama watoto, nikamweleza yote. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alipomaliza akasema yeye kesho anakwenda kupimwa, na mimi niende kwa namba yangu mwenyewe. Kwamba daktari ameona matako ya wengi, yangu si ya dhahabu. Kwamba barua zote mbili hazikutaja kitu, na mpaka leo ghala zima linajua Kidevu aliumwa mguu.

Ni kweli tupu. Nimemwahidi. Mwanamke yule ana hekima.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Asubuhi nilifika mpaka mlangoni nikiwa na kofia yangu, arobaini. Muuguzi akatoa kichwa. Nikamuuliza saa, nikarudi.

Lakini nimeona jambo. Msimamizi akinywa chai hutundika kofia yake kwenye msumari nje ya ofisi. Nyeupe, namba moja. Barua ya zahanati itakwenda kwa msimamizi, naye ataisoma peke yake.

Safari hii sioni pa kuharibika.