Vita vya Sitati na Machozi ya Brigedia

Zimeni redio, enyi wakazi wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, na wewe unayekaanga mandazi pale getini, punguza moto usikilize! Wacheni kwanza habari za majemadari waliovuka majangwa na kuteka miji. Hapa linasimuliwa jambo zito kuliko hayo: jinsi Sitati, mjukuu wa mtandaza reli, mchomeleaji wa mageti yasiyovunjika, mkunja vyuma asiyejua kuchoka, alivyoingia vitani kuupigania uso wa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Brigedia. Alikuwa mweupe, mwenye manyoya ya kujikunjakunja, na uzito wake haukufika kabichi moja ya Molo. Joyline, bintiye Sitati, alimwacha alipokwenda kufanya kazi Doha. "Baba, huyu ni moyo wangu. Nitunzie," alisema. Sitati aliguna kama mtu aliyebebeshwa gunia la wenyewe. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba shujaa huyu, aliyewahi kuwafukuza wezi wa nyaya kwa nyundo, sasa hakula nyama kabla Brigedia hajaonja.

Mbwa huyo alikuwa na janga moja. Kutoka kila jicho ulishuka mfereji mwekundu wa kahawia, ukapita kando ya pua hadi mdomoni, hata mgeni akimtazama alidhani ametoka matangani. Wa nyumbani walishazoea. Ndipo akaja Mama Nabalayo.

Huyo alikuwa mama yake Celestine, mke wa Sitati. Mwanamke wa Kimilili mwenye sauti ya kusimamisha trekta. Na kwa desturi ya Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Basi pazia likatundikwa katikati ya nyumba. Mama akatawala jikoni, Sitati akabaki na sebule. Brigedia pekee, asiye mkwe wa mtu, alipita chini ya pazia apendavyo.

Chai ya kwanza haijapoa, jikoni kulinguruma.

"Celestine! Huyu mbwa analia. Mbwa halii bure. Analilia mambo anayoyaona ndani ya nyumba hii!"

"Mama, ni macho tu. Amekuwa hivyo tangu..."

"Tangu aachiwe mume wako! Mimi si mtoto. Jumapili mjomba wako Maxwel anapita hapa na lori akirudi Elburgon. Nikikuta huyu bado analia, anapanda lori akalinde mbao. Huko hakuna wa kumliza."

Nyuma ya pazia shujaa alinyoosha mkono chini, akamvuta Brigedia upande wake. Elburgon! Baridi ya Mau, unga wa mbao, na mbwa wakubwa wenye meno kama misumeno! Na Joyline angeambiwa nini? Lakini kumjibu mama mkwe moja kwa moja alikuwa hawezi. Akamwinua Brigedia juu kwa mikono miwili na kuhutubia kwa sauti kuu:

"Ewe Brigedia! Waambie walio jikoni kwamba mkono wangu haujawahi kuinuka katika nyumba hii, ila kubadilisha balbu!"

"Brigedia," jikoni kukajibu, "mwambie anayesema hivyo kwamba mimi naamini machozi. Siamini balbu."

Hapo vita vikatangazwa. Sitati alikimbilia bafuni, akatoka na chupa ya dawa ya kutoa madoa na kitambaa begani. Celestine akamziba mlango.

"Baba Joyline, hiyo ni ya choo!"

"Inatoa madoa."

"Itatoa na jicho! Weka chini."

Akaweka chini. Wenye kuandika historia wangesema jeshi lilijipanga upya.

Kesho yake akamtia Brigedia ndani ya jaketi, kichwa tu nje, wakapanda bodaboda hadi Milimani kwa Daktari Wamaitha, mganga wa mifugo. Daktari alimulika macho, akafunua kope, akatazama.

"Mzee, huyu hana huzuni yoyote. Jicho ni zima. Nywele hizi ndizo zinazomchoma, na vumbi la Nakuru linamalizia. Sasa, machozi yana kitu ndani yake. Yakikaa kwenye manyoya meupe, kile kitu kinageuka rangi kama ya kutu."

Neno hilo lilimpiga Sitati kifuani kama radi.

"Kutu! Daktari, mbona hukusema mapema? Mimi na kutu tumepigana maisha yangu yote! Nina brashi ya waya hapo karakana..."

"Mzee! Usithubutu!"

"Basi msasa. Ule laini."

"Hata msasa!"

Daktari akapunguza nywele za kando ya macho kwa makasi yenye ncha butu, kisha akatoa amri za vita. Maji yachemshwe, yapoe hadi vuguvugu. Kitambaa laini, kila jicho na chake. Afute taratibu kuelekea nje, asiguse jicho lenyewe, kisha akaushe kabisa, na iwe hivyo kila siku. Jicho likiwa jekundu au likitoa usaha, mbwa arudishwe upesi.

"Na doa litatoka kabla ya Jumapili?"

"Halitoki. Lile la zamani lingoje manyoya mapya. Jumapili atakuwa na doa, lakini hatakuwa na maji."

Ndipo yakaanza mapambano ya asubuhi. Kidole kimoja cha Sitati kilikuwa kipana kuliko pua nzima ya Brigedia, na mikono iliyozoea kupiga chuma sasa ilitakiwa kupita kando ya jicho bila kulishtua. Alipiga magoti sebuleni, akabana pumzi, jasho likamtoka. "Tulia, afande. Kidogo tu, afande wangu." Brigedia akamng'ata dole gumba. Sitati hakurudi nyuma. Alifuta, akakausha, akapuliza polepole kama anayepoza uji wa mtoto.

Jumapili lori likapiga honi nje.

"Celestine," Mama akaamuru, "leta shahidi."

"Nenda kifua mbele!" Sitati akanong'ona. Brigedia akapita chini ya pazia. Mama akamwinamia.

"Doa bado lipo," Mama akasema.

"Brigedia!" Sitati akalia kwa uchungu. "Waambie hilo ni la zamani! Waambie waguse!"

Kidole cha Mama Nabalayo kikashuka. Kikagusa shavu la kushoto. Kikahamia la kulia. Kikasuguana na dole gumba, kikitafuta unyevu, kikakosa.

"Brigedia," akasema hatimaye, "mwambie mkwe wangu kwamba nimekuwa nikichungulia kwenye hili pazia, Mungu anisamehe. Mwambie sijawahi kuona mwanamume akimpangusa mtu uso polepole hivyo. Halafu Celestine, toka nje umwambie Maxwel aende kwa mbao zake."

Lori likaondoka. Sitati akainua kitambaa chake chenye maji juu ya kichwa, kikamdondokea shingoni, naye hakujali. Basi na wajue wote wa bonde hili, kutoka Naivasha hadi Mau, waliozaliwa na watakaozaliwa: Jumapili ile, kabla ya chai, mashavu ya mbwa mmoja wa Section 58 yalikuwa makavu. Yote mawili.