Matumbawe Yamefukuza Wapangaji, Nami Nimepewa Notisi

S. Boga,
Nyuma ya mashine ya kusaga unga,
Ukunda.
Jumamosi, 13 Juni 1998

Ndugu Mhariri,

Natumai mko salama nyote hapo ofisini, pamoja na yule anayechora katuni. Mimi ni msomaji wako wa kila siku, ila nachelewa siku moja, kwa sababu gazeti lako hunifikia likiwa limefungia muhogo wa kukaanga. Habari ya maji ya mwezini niliisoma ikiwa na mafuta na pilipili, lakini niliielewa vizuri.

Naitwa Sefu Boga, nahodha wa boti ya Chungulia hapa Diani. Ni boti ya kioo, yaani chini ina kioo, mgeni anainama anaona matumbawe na samaki bila kulowesha hata soksi. Shule niliishia darasa la tano. Si kwamba akili zilikwisha, ni mimi na mwalimu tulichokana. Leo naandika kulalamika rasmi juu ya sayansi, na nimeweka namba ili ujue kwamba sifanyi mchezo.

1. Nalalamika kwamba tumbawe limegunduliwa kuwa mnyama, nasi wenyeji hatukuambiwa.

Habari hii niliipata mwezi wa nne kwa Daktari Hannah, mtaalamu wa bahari kutoka ng'ambo, aliyepanda boti yangu na daftari lisiloharibika na maji. Kiswahili chake amejifunza kitabuni, anakitoa neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Akaniambia, "Bwana Sefu, tumbawe si jiwe. Tumbawe si ua. Tumbawe ni wanyama wadogo, wengi, wanaokaa pamoja."

Mhariri, miaka tisa nawaambia wageni kwamba ni maua ya mawe. Kuna Wajerumani wamelia kwa furaha juu ya maua yale. Kumbe nilikuwa nawaonyesha zizi! Halafu kuna bibi yangu Mbeyu kule Kinondo, nyumba yake kuta zote ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Maana yake bibi amelala ndani ya mnyama tangu aolewe. Nilipompelekea habari aliugonga ukuta kwa bakora, akatega sikio, akasema, "Mwongo huyo daktari wako. Mnyama gani miaka hamsini hajaniomba chakula?" Nataka wataalamu waje wamjibu wenyewe, na waje wamekula, kwa sababu bibi akikasirika hapiki.

2. Nalalamika juu ya homa ya bahari.

Mvua za El Niño zilipokwisha kutumaliza, likaja joto, na matumbawe yote yakageuka meupe pe. Mwamba mzima ukawa kama yale mawe ya kando ya njia yanayopakwa chokaa siku anayokuja waziri. Wageni wakainama kwenye kioo, wakainuka, wakaniuliza rangi ziko wapi. Nikawaambia zimepelekwa kufuliwa.

Daktari Hannah akasema bahari imepata joto kupita kawaida. Nikauliza, kiasi gani? Akasema digrii moja, pengine mbili. Mbili! Mimi mwezi huohuo nilipata malaria, kipimo cha zahanati kikapanda mpaka muuguzi akakikung'uta akidhani kimeharibika, na kesho yake nilikuwa kazini na rangi yangu hii hii. Mnyama gani huyu wa kupauka kwa digrii mbili? Na hao wataalamu, mwaka jana walitembeza kigari kule Mars, mahali ambapo hapana barabara wala kituo cha mafuta, wakakiambia pinda, kikapinda. Bahari ya Diani iko hapa chini, inafikika kwa ndara, na hajapatikana hata mmoja wa kuipepea?

3. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome umekaa. Nalalamika juu ya kufukuzwa kwa wapangaji.

Daktari alinieleza hivi. Ndani ya tumbawe anakaa mpangaji, mmea mdogo mno usioonekana kwa jicho. Huyo mpangaji ndiye mwenye rangi. Akipata jua anapika chakula, na sehemu kubwa anampa mwenye nyumba. Mwenye nyumba kazi yake ni kutoa chumba tu, kama wenye nyumba wote. Joto likizidi, mwenye nyumba anamtoa mpangaji nje. Basi rangi inatoka na mpangaji, chakula kinatoka na mpangaji, mwenye nyumba anabaki mweupe na njaa yake, na asipopata mpangaji mwingine anakufa.

Niliposikia hayo nilisema "maskini" nikawasha injini, kwa sababu kulikuwa na wageni wanangoja ufukweni. Uzito wa ugunduzi huu niliujua Jumatatu hii iliyopita, nilipopewa notisi.

Nimepanga Ukunda kwa Mzee Muthoka, nyumba ya vyumba sita. Mzee ni mtu wa bara aliyehamia huku zamani, mlokole, mpole, na kodi yangu sijawahi kuichelewesha, hilo yeye mwenyewe atakuapia. Lakini Jumatatu alinibandikia karatasi mlangoni kwamba niwe nimetoka kufikia Jumamosi tarehe ishirini. Sababu aliyoandika ni ya kunivunjia heshima, sitairudia katika gazeti linalofungia vyakula vya watu.

Sasa, Ijumaa ya tarehe ishirini na sita wazee wa mchumba wangu Mwanasha wanatoka Vanga kuja kuona mahali binti yao atakapokaa. Nimewaambia chumba kina sakafu ya saruji, dirisha la wavu na kufuli mbili, na vyote hivyo ni kweli. Wakinikuta nalala ndani ya Chungulia, posa imekwisha. Mwanasha ameshanionya: "Sefu, baba hataniozesha kwa boti, hata iwe na kioo."

Basi nikaenda kwa Mzee na sayansi yangu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza matumbawe mwanzo hadi mwisho, hata nikamchorea kwa kijiti uani. Alisikiliza vizuri kabisa. Halafu akasema, "Kijana, hiyo maneno ya bahari rudisha bahari. Mimi si jiwe."

Nikamwambia, "Hata tumbawe si jiwe, Mzee. Ndipo ninapoanzia hapo."

Mkewe, Mama Kamene, akadakia kutoka jikoni: "Hebu muulize! Huyo mmea wa bahari unapikia mwenye nyumba. Yeye ametupikia nini, isipokuwa hiyo iko chini ya kitanda?"

Nilimsamehe, maana naona mwili wake si mzima. Siku hizi akipita mlangoni kwangu huziba pua na leso. Nadhani ni mafua, upepo wa kusi umeanza na watu wa bara hawaijui baridi ya baharini. Na chini ya kitanda changu, kwa taarifa yako, pana ndoo mbili tu za vifaa vya kazi, nimezifunika.

4. Nalalamika kwamba Mzee Muthoka anahatarisha maisha yake.

Tangu abandike ile karatasi, namchunguza kila asubuhi kwa jicho la kisayansi. Nywele za kisogoni zimezidi weupe. Ndevu zilikuwa na kijivu, sasa hata kijivu kinaaga. Mama Kamene anasema zimekuwa hivyo tangu mwaka wa themanini na tisa, lakini yeye si mtaalamu, na daftari lake ni la kawaida, linalowa.

Kwa hiyo naiomba serikali itangaze wenye nyumba wote, kuanzia Likoni hadi Vanga, kuwa viumbe wa bahari wanaolindwa. Mtu asiwaguse, asiwavunje, asiwakanyage, asipeleke kipande nyumbani kama kumbukumbu. Na wao wasimtoe mpangaji mpaka mtaalamu apime joto kwanza. Wawekewe na maboya, ili mtu akiwa mbali ajue kwamba pale pana mwenye nyumba, apunguze mwendo.

5. Mwisho, nalalamika juu ya barafu ya mwezini, kwamba imekaa bure.

Gazeti lako liliandika kwamba wataalamu wameona dalili za barafu katika mashimo ya mwezi yasiyopata jua. Naomba ishushwe. Sitaki yote, mimi si mlafi, nataka ya kupoza kutoka Tiwi mpaka Galu. Barafu ikishuka, bahari itapoa. Bahari ikipoa, matumbawe yatawarudisha wapangaji. Hapo nitampandisha Mzee Muthoka kwenye Chungulia, kiti cha mbele, bure, aone kwa macho yake wenye nyumba wenzake wakiomba radhi. Naye kwa aibu ataibandua karatasi yake. Yote haya yafanyike kabla ya tarehe ishirini. Mwezi wenyewe si mbali, hata bila miwani unaonekana.

Nakomea hapa kwa kuwa karatasi imekwisha, malalamiko yapo bado. Nisalimie wapiga chapa, mfagizi, mchora katuni, wake zao na watoto wao, na kama mna njia ya kuwasiliana na kile kigari cha Mars, nacho nakisalimu sana, najua ilivyo kukaa bila mwenye nyumba.

Ni mimi, kwa heshima na kwa notisi ya wiki moja,

Sefu Boga
Nahodha wa Chungulia,
Mpangaji wa chumba namba nne (kwa sasa)

Tanbihi, Jumapili:

Stempu nimeshaibandika, kwa hiyo barua lazima iende, lakini naomba usiichape.

Leo Daktari Hannah alipita kuniaga, anarudi kwao. Nikamwomba amwandikie Mzee Muthoka mistari miwili ya kitaalamu, kwamba mwenye nyumba akimtoa mpangaji anakufa. Akasema mtaalamu haandiki asichokiona, nimwonyeshe chumba. Nikafungua kufuli zote mbili. Akarudi nyuma hatua tatu, akasema maneno kwa lugha yao, kwa kasi ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Zile ndoo, Mhariri, zimejaa kauri, wale konokono wa baharini wenye ganda la kung'aa. Mwamba ulipopauka wageni wakaacha kuchungulia, nikaona niwauzie kauri. Nilitaka Mwanasha akute kitanda kipya. Sasa kauri ukimtoa mwambani yuko hai, lazima umwache aoze mpaka atoke mwenyewe, ndipo ganda liwe safi. Wenzangu huwafukia mchangani. Mimi nawajua wenzangu, wangezifukua za kwangu, nikaona salama ni chini ya kitanda.

Daktari akakaa kizingitini, leso ya Mama Kamene puani, akanieleza kile kipande ambacho siku ile niliwasha injini kabla hajakifikia. Mwenye nyumba wa baharini hamtoi mpangaji kwa hasira. Wataalamu wanadhani kwamba joto likizidi, mpangaji huanza kutoa sumu mlemle chumbani, na mwenye nyumba anamtoa ili aweze kupumua. Mama Kamene alikuwa nyuma yake. Akasema, "Daktari, rudia hapo, pole pole, Mzee asikie." Ikarudiwa.

Kisha Daktari akazihesabu kauri moja moja, akaandika mia moja na kumi na mbili katika daftari lile lile alimoandika matumbawe yaliyokufa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ndoo nimezifukia nyuma ya migomba ya Mzee, nikafungua dirisha, nikaanza kusugua sakafu. Mzee aliisimamia kazi yote, kisha akabandua karatasi yake, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Hakuichana. Nikamuuliza Daktari, tumbawe likipoa huchukua muda gani kumpokea mpangaji tena? Akasema miezi, pengine mwaka, mengine hayampokei kamwe. Nikamgeukia Mzee nikamuuliza swali hilo hilo. Akasema mpaka Alhamisi ya tarehe ishirini na tano, na atakuja kunusa mwenyewe.

Kwa hiyo ile barafu waambie waiache ilipo. Lakini wakichimba wakakuta mwezini kuna sabuni, hiyo naomba ishushwe kabla ya Alhamisi.