Mjane wa Komisioneri

Nyumba za Bunia zilipoanza kupanda bei, mtu wa kwanza kunusa harufu yake alikuwa Isidore. Watu waliokimbia vita kule Djugu walitafuta pa kuweka watoto, mashirika yalitafuta ofisi, na wenye mashimo ya dhahabu walitafuta mahali pa kulala bila kusikia risasi. Isidore alikuwa komisioneri, yaani mtu anayesimama kati ya mwenye kuuza nyumba na mwenye kuinunua, akiwadanganya wote wawili sawasawa, kwa sababu hakupenda upendeleo.

Katika kazi hiyo alikuwa fundi. Parseli moja, kiwanja cha nyuma ya uwanja wa ndege, alikuwa ameiuza kwa watu watatu, na wote watatu walimshukuru siku ya kulipa. Na mwenye nyumba alipomjia akilia kwamba mnunuzi amebadili mawazo, Isidore alimwekea mkono begani, akamwambia kuwa nyumba ni kama binti, mchumba wake yuko njiani. Kisha akaomba nauli ya moto, yaani pikipiki ya abiria.

Safari hii aliona fursa ndani ya uzio wake mwenyewe. Alikuwa na nyumba katika kartye, yaani mtaa, ya Saio: matofali ya kuchoma, bati la kijani, baraza ya saruji inayotazama barabara. Karatasi zake ziliandikwa kwa jina la mkewe, Espérance, na wageni waliposikia hivyo walisema hayo ndiyo mapenzi. Hayakuwa mapenzi. Wale watatu wa uwanja wa ndege wangeweza siku moja kuja kutafuta kitu cha kukamata, na Isidore alitaka wakute mali yote ni ya mwanamke asiye na kesi na mtu.

Espérance aliuza vitenge sokoni. Kwao ni Nyankunde, na kwa miaka mingi alikuwa anaomba jambo moja: warudi huko, wajenge karibu na kaka zake, walime. Isidore alipomwambia kwamba wakati umefika, wauze, wahame, yeye alimtazama vile anavyotazama samaki wa Kasenyi anayedaiwa kuwa ametoka ziwani leo.

“Sawa,” alisema. “Lakini hii nyumba moja, uuzishe bila uongo. Hii moja tu, papa.”

Isidore akaapa. Aliona si kazi. Paa halikuvuja, karatasi zilikuwa sawa, hakuna ndugu aliyekuwa akidai. Kwa mara ya kwanza maishani angeuza kitu ambacho kipo.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu Eugène na mkewe. Walipenda kila kitu. Mke alikwisha kuchagua kona ya kitanda. Kisha, kama wafanyavyo watu wazima wenye akili, wakavuka barabara kumuuliza jirani nyumba ni ya nani. Jirani huyo, Mama Monique, alikuwa mcha Mungu, akasema ukweli: ni ya Isidore. Mwalimu akauliza kama ni Isidore yule wa uwanja wa ndege. Mama Monique akasema ndiye. Waliondoka kwa haraka hata mke wa mwalimu akasahau mwavuli wake, na Isidore akakaa nao barazani mpaka jua likazama, ameushika kama mtu aliyeachiwa kichanga.

Wa pili alikuwa mhasibu wa shirika fulani, mtu wa Kisangani. Aliuliza nyumba ina kasoro gani. Isidore akajibu kwamba haina. Mhasibu akasema kila nyumba ina kasoro. Isidore akasema hii haina. Mhasibu akamtazama kwa huruma, akaaga. Isidore alilijua kosa lake vizuri: muuzaji anayekiri bati limetoboka kidogo huaminiwa, lakini asiye na la kukiri huonekana amezika mtu chini ya sakafu. Kwa nyumba za wengine sikuzote aliwabunia wanunuzi kitundu kimoja. Kiapo ndicho kilichomfunga ulimi.

Wa tatu alikuwa shemasi. Aliomba muda wa kusali juu ya jambo hilo. Akasali, na Mungu, ambaye hakuwa amemwona Isidore kanisani kwa muda mrefu, akakataa.

Hapo Isidore akaanguka. Hakuwa na homa, lakini alilala ameelekea ukuta, akakataa sombe ya majani ya muhogo, akakataa hata chai. Tusimcheke. Mwongo akiambiwa mwongo hucheka tu, maana ni sifa ya kazi. Lakini mwongo akisema kweli na asiaminiwe, hana dawa, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuumia. Rafiki yake Michée, komisioneri mwenzake, alikuja kumpa pole. Akamwekea mkono begani, akamwambia nyumba ni kama binti. Isidore akauondoa ule mkono. Michée hakukasirika, aliomba nauli ya moto akaenda zake.

Jioni Espérance alileta uji, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Nyumba haina kosa,” alisema. “Wanakataa jina, hawakatae matofali. Lia kwanza, utosheke, kisha uamuke.”

Isidore akalia kweli, kichwa mapajani mwa mkewe, na ilikuwa muda mrefu hawajakaa hivyo.

“Mi nasema ukweli, Espé. Juu ya nini inauma hivi?”

“Njo vile inaumaka wale wenye ulikuwa unauzishia.”

Yalikuwa maneno ya hekima, na Isidore aliyapokea kwa moyo uliovunjika. Aliyahifadhi moyoni mpaka kesho yake, wakati wa chai ya asubuhi.

Alikuwa anakunywa chai hiyo kwenye mgahawa wa bulvari, ile barabara kuu, alipomwona Vital. Vital alikuwa mwenye mashimo kule Nizi, mtu wa tumbo na saa kubwa, naye alikuwa akiwaeleza watu wa meza nzima kwamba tangu azaliwe hajanunua kitu kwa bei aliyoambiwa. Anatafuta nyumba mjini, alisema, lakini si kwa bei ya wajinga. Maumivu yote ya Isidore yakatoka kama pepo aliyesikia kengele. Aliona kosa lake lilikuwa wapi: alikuwa anawauzia nyumba watu wema. Watu wema wanauliza majirani.

Akasogeza kiti. Kwa sauti ya chini akamweleza Vital kuwa iko nyumba Saio, ya mama mmoja mjane. Mumewe amefariki juzi juzi, mama amechanganyikiwa, anataka kurudi kwao. Bado ndugu za marehemu hawajaamka. Yeye Isidore ndiye mwenye funguo.

“Anajua bei ya Saio?” Vital aliuliza.

“Mukubwa, anajua bei ya kitenge.”

Vital akaagiza chai ya pili, ya Isidore. Walikubaliana jambo liende kimya, na Vital hakumuuliza jirani yeyote. Anayekwenda kumwibia mjane hapigi hodi nyumba ya pili kuulizia njia.

Isidore alirudi nyumbani akamweleza mkewe mpango. Bei itakuwa bei ya haki, alisema; Vital ataona ameiba kwa sababu tu anaambiwa anaiba. Uongo ni ule mmoja mdogo, wa mume.

“Kwa hiyo umekufa,” alisema Espérance.

“Siku moja tu.”

Espérance alikuwa anatwanga sombe. Aliuliza kama baada ya hapo watakwenda Nyankunde. Isidore akajibu kwamba Nyankunde haiendi popote. Feza ingezungushwa kwanza, yeye na Michée walikuwa wameona parseli fulani, mwaka mmoja, labda miwili, ndipo wahame kama watu wakubwa. Mchi ukasimama hewani, kisha ukaendelea.

“Ulikufa na ugonjwa gani?” aliuliza.

“Weye chagua.”

Vital alikuja na kiatu kinachong'aa. Espérance alimpokea amevaa kitenge cheusi na amejifunga kichwa, na Isidore akasimama mlangoni na funguo mkononi kama mgeni kwake mwenyewe. Vital alipitisha macho kwenye bati, ukutani, kwenye saruji ya baraza, kila kitu akikikunjia uso ili bei ishuke. Walipoketi, kwa adabu akampa mama pole ya msiba, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Aliuliza tu kupitisha muda.

Espérance akajibu. Alisema marehemu alikuwa mtu wa maneno. Walipokutana alikuwa na shati moja na maneno elfu, na yeye akachukua maneno. Alisema marehemu alimwahidi mashine ya kushona, akamwahidi shamba, akamwahidi kuacha kudanganya watu, na kila ahadi aliitoa kwa sauti nzuri hata ilikuwa raha kuisikia tena mwaka uliofuata. Hakuwahi kumpiga. Alipoumwa, marehemu alikaa macho, akamwimbia. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

“Nilimupenda,” alisema. “Lakini nilichoka naye mbele hajakufa.”

Hakuwa anamtazama Vital. Isidore, pale mlangoni, alitaka kucheka kwa jinsi mkewe alivyokuwa anaiweza kazi, akakuta machozi yanamshuka. Vital alipoona komisioneri analia alifikiri huyu ni mtu wa moyo laini sana, na kwamba mtu wa moyo laini ni rahisi kumzunguka.

Akamtuma akalete soda. Isidore alipotoka, Vital akamwinamia mjane. Alimwambia komisioneri ni mwizi, wote ni wezi, atamlia nusu ya feza. Wamalizane wenyewe kesho mbele ya shefu, mkuu wa kartye, feza mkononi, na yeye atajua namna ya kumweka komisioneri mbali. Espérance akafikiri kidogo. Kisha akataja bei, bei halisi ya Saio, wala haikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Vital akaona kwamba akiondoa sehemu ya komisioneri bado anafaidi. Akakubali.

Isidore akarudi na soda. Vital akamweleza, kama siri ya ndugu, kwamba ana mdogo wake Nizi anaitwa Destin, naye anatafuta nyumba, si moja, tatu. Aende kesho asubuhi amwone kabla makomisioneri wengine hawajasikia. Ya mjane itangoja. Isidore, aliyekuwa amewadanganya watu kwa uongo mdogo kuliko huo, akaamini wote. Nyumba tatu. Usiku ule alikoroma.

Kulipokucha akapanda moto kwenda Nizi. Espérance alimfungia chapati za njiani, akamfunga koti mpaka shingoni kwa sababu ya baridi, akaugusa uso wake kidogo, jambo ambalo Isidore alilikumbuka baadaye tu. Huko Nizi alizunguka akiulizia Destin, mdogo wa Vital. Wote walimjua Vital, na wote walijua hana mdogo. Destin alikuwapo mmoja, fundi wa pikipiki, aliyepanga chumba kimoja na aliyeshangaa sana kusikia anatafuta nyumba tatu.

Isidore aliporudi Saio, vumbi mpaka kwenye nyusi, alikuta vijana wanaingiza magodoro. Vital alikuwa ameketi barazani.

“Hii ni nyumba yangu,” Isidore alisema.

“Mwenye nyumba alikufa,” Vital alimjibu kwa upole. “Weye mwenyewe uliniambia.”

Alimweleza asikasirike, biashara ndivyo ilivyo, mama amelipwa yote na amekwenda kwao. Aliongeza kwamba amempata mjane yule kwa bei ya bure, na uso wake uling'aa kwa furaha ya mtu aliyefanya dhambi akanusurika. Espérance alikuwa amemwachia furaha hiyo, haikumgharimu kitu.

Isidore akakimbilia kwa shefu wa kartye, mzee Jean-Pierre, ambaye alimjua vizuri, pengine zaidi ya alivyopenda. Alimwambia ameibiwa. Shefu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema karatasi ni za mama, na mama ndiye aliyeuza. Isidore akasema yeye ni mumewe. Shefu akamkumbusha kwamba mbele ya Leta, yaani serikali, hawajafunga ndoa, na kwa wazazi wa mke yeye hajapeleka hata mbuzi wa mahari.

“Lakini shefu, ulijua mi ni muzima.”

“Nilijua,” alisema Jean-Pierre. “Mama alisema bwana yake alikufa, nikafikiri labda anajua kitu chenye mi sijui.”

Siku zilizofuata Isidore alilala kwa Michée, ameelekea ukuta. Michée hakusema habari ya binti na mchumba. Alisema kulisha watu wawili ni gharama kubwa. Mama Monique alipokutana naye njiani alimpa pole ya nyumba, na kwa kuwa alikuwa mcha Mungu hakutabasamu mpaka alipofika kwake. Kilichomshangaza Isidore ni kwamba nyumba hakuiwaza sana. Aliwaza uji, na ule ukingo wa kitanda.

Mwishoni akapanda moto kwenda Nyankunde.

Kaka mkubwa wa Espérance, Emery, alimkaribisha kwenye kiti cha heshima, akampa maziwa. Nyuma yake ukuta mpya wa matofali ulikuwa umefika kiunoni. Espérance alitoka shambani, akanawa mikono, akamsalimu vizuri kama mgeni.

“Espé, mi ni bwana yako.”

“Bwana yangu alikufa. Nilimulilia, na weye ulikuwa pale, ulilia pia.”

Isidore alikuwa amekuja na hotuba. Njia nzima alikuwa anaipanga. Sasa hakukumbuka inaanzia wapi.

“Basi nifanye nini?”

“Kama iko mwanaume anatafuta mujane, kaka yangu njo huyu,” alisema Espérance. “Amuombe.”

Akarudi shambani bila kugeuka, lakini hakwenda mbali. Alisimama kwenye mstari wa kwanza wa maharagwe, akawa anang'oa majani ambayo tayari yalikuwa yameng'olewa.

Emery alikuwa mtu wa taratibu. Akakohoa, akakaa vizuri, akamuuliza mgeni jina lake na kwao ni wapi, kana kwamba hajapata kumwona. Kisha akauliza swali ambalo kila kaka huuliza.

“Na kazi? Unafanyaka kazi gani?”

Isidore alitazama ukuta mpya, akatazama ng'ombe, akatazama mgongo wa Espérance.

“Nalima,” alisema.

Emery, ambaye maisha yake yote aliamini anachoambiwa, akainuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akampa.