Vidole Vinne vya Venance

Kijiwe chetu cha Goba, pale mteremkoni kwa Bernadeta muuza kahawa, jana kilichafuka kwa sababu ya simu ya Badru. Huyu tunamwita Kipaza, maana habari ikishaingia kwenye simu yake hata wa Kunduchi wanaisikia.

"Oyaa, sikieni hii," akaanza. "Kuna jamaa huko Ulaya, ana thelathini na kitu, kavunjwa mapaja hospitali, makusudi. Wakatia vyuma, wakawa wanavuta mfupa kidogo kidogo kila siku. Sasa hivi karefuka, anajifunza kutembea upya."

"Makusudi?" akauliza Jamali. Yeye ni mchonga vinyago, kijiweni anaitwa Patasi. "Mie nikipata gogo fupi nachonga kinyago kifupi. Sijawahi kulivuta."

"Ushamba huo, braza," akadakia Venance.

Venance, ambaye miaka yote tulimwita Nusu Mlango kwa ufupi wake, karudi juzi tu kutoka India alikokaa karibu mwaka mzima. Karudi na magongo. Alituambia aliteleza bafuni, na kijiwe kizima tukaenda kumpa pole na mananasi. Kukaa hawezi, kwa hiyo hunywa kahawa akiwa kaegemea nguzo ya kibanda.

"Nyie mnajua maumivu yake?" akaendelea. "Unalala chali miezi, goti halikunji, ukicheka paja linawaka moto. Na ukishavuka thelathini mfupa unaunga taratibu. Mtu kavumilia yote hayo, nyie mnaleta habari za magogo."

Bernadeta akashusha birika.

"Venance, hayo ya goti umeyajuaje?"

Patasi akainama kutazama miguu ya Venance. "Suruali hii si uliyovaa kwenye harusi ya Fransis? Ilikuwaga inafagia chini. Leo naona soksi mpaka juu."

"Bafu gani hilo linarefusha watu?" akauliza Kipaza. "Nielekeze, mwanangu, na mie nikateleze."

Basi akakiri. Kauza kiwanja chake cha Mbweni, kavunjwa mapaja yote mawili, na alichorudi nacho ni urefu wa vidole vinne.

"Kiwanja kizima kwa vidole vinne," akasema Patasi. "Na kiwanja kilikuwa na urefu na upana pia."

"Ni kwa ajili ya mchumba wangu, Herieth," akasema Venance. "Yule ni mrefu, mnamjua. Tukitembea watoto wanamwamkia yeye shikamoo, mie wananiambia mambo vipi. Nikasema kwao sikanyagi nikiwa vile, baba yake aje anione si mwanaume kamili. Nampenda, jamani."

Hapo nilimwonea huruma kweli, ingawa nilikuwa nimeshacheka.

Mzee Kondo akakohoa. Wazazi wa Venance wako Masasi, kwa hiyo Mzee Kondo ndiye mshenga wake. Ndiye aliyepeleka posa kwa kina Herieth wakati mposaji yuko India.

"Mbona umekunja uso, mzee wangu?" akauliza Kipaza.

"Baba yake Herieth ni mtu mfupi sana," akasema Mzee Kondo polepole. "Mkwe wake wa kwanza ni lijitu refu, humwekea mkono kichwani mbele za watu. Mzee wa watu kaapa mkwe mrefu hataki tena. Mie nikamwambia huyu wetu ni mfupi, tena wa kuzaliwa, mtatazamana macho kwa macho. Posa ikakubaliwa pale pale. Imepita kwa ufupi wako, mwanangu."

Venance akazitazama soksi zake.

"Kunja magoti," akashauri Patasi. "Ukikunja kidogo tu unarudi Nusu Mlango."

"Ndiyo zoezi aliloniagiza daktari. Linauma, silifanyi."

"Sasa utalifanya. Chagua, goti au mke."

Akakumbatia nguzo, sie tukamkandamiza mabega. Machozi yalimtoka, jasho likamtoka, na goti lililowashinda madaktari likaanza kukubali. Kwa hakika mapenzi ni dawa, nikajisemea.

Simu ya Mzee Kondo ikaita. Akasikiliza, akaiweka mfukoni.

"Baba yake Herieth huyo. Yuko hapo kona, kaja kuulizia tabia za mkwe kijiweni kwake, kabla ya utambulisho."

Mzee Kondo akakumbuka swala ya alasiri, na adhana ilikuwa bado. Kipaza akamfuata, mtu ambaye msikitini humwoni hata Ijumaa. Patasi akakumbuka gogo aliloliacha juani. Bernadeta akainamia jiko. Tukabaki mie na Venance, ambaye hawezi kukimbia wala kukaa. Goti likamnyooka kwa maumivu, akasimama wima.

Akaja mzee mfupi, shati kachomekea vizuri. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akainua uso kumtazama Venance.

"Kijana, wewe uliye mrefu," akasema, "hebu nitazamie huko mbele. Namtafuta mmoja anaitwa Venance. Nimeambiwa ni mfupi."

Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwita Venance mrefu. Niliuona uso wake ukichanua, halafu ukasinyaa. Akanyoosha shingo, akautazama mteremko wote mpaka chini, kwa makini kabisa.

"Simwoni, baba," akasema.